Hofu ya kuachwa, hasira kali na kujiumiza: matibabu ya tatizo la BPD na namna ya kuyapata ukiwa kambini

Je, wewe au mtu wa nyumbani kwako hubadilika kwa saa chache tu: asubuhi anacheka, mchana analia, jioni anavunja vyombo, usiku anasema ni heri afe? Je, leo anamwona rafiki yake kama malaika, na kesho anamwona adui kwa sababu tu hakupokea simu? Je, majirani wanasema ana mapepo, au ni mkorofi, au anatafuta kuangaliwa?

Huenda ni tatizo la afya ya akili linalotibika. Makala hii inaeleza tatizo hilo ni nini, matibabu gani yanasaidia, dawa gani hazisaidii, na unavyoweza kuanza hata kama zahanati ya karibu haina daktari wa magonjwa ya akili. Jambo la kushika kuanzia mwanzo ni hili: tiba kuu ya tatizo hili si vidonge. Ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtu mmoja aliyefundishwa, pamoja na mazoezi ya kutawala hisia.

KAMA KUNA HATARI SASA HIVI
Ikiwa mtu amekunywa sumu au dawa nyingi, amejijeruhi, au anasema atajiua leo, usimwache peke yake. Ondoa karibu yake dawa, sumu ya wadudu na vitu vyenye makali. Mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Kama amekunywa kitu, usimlazimishe kutapika. Beba chupa au pakiti ili muuguzi aone ni kitu gani. Kwa mtoto aliye hatarini, Uganda, Kenya na Tanzania zina namba ya bure ya simu: 116.

BPD ni nini?

BPD ni herufi utakazoziona kwenye karatasi za hospitali. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita tatizo la haiba la mpakani. Jina hilo halihusiani na mpaka wa nchi uliovuka. Lilitokana na daktari wa New York, Adolph Stern, ambaye mwaka 1938 aliandika kuhusu wagonjwa aliowaona wako katikati ya makundi mawili ya magonjwa ya akili yaliyojulikana wakati ule. Jina limebaki, ingawa leo tatizo linaeleweka kwa namna nyingine: ni mtu ambaye hisia zake huwaka haraka, huwaka sana, na huchelewa kutulia.

Madaktari wanaotumia mwongozo wa Marekani huangalia dalili 9. Lazima ziwepo angalau 5, na ziwe zimedumu miaka, tangu ujana au mwanzo wa utu uzima:

1. Kuhangaika sana ili usiachwe, hata pale ambapo hakuna anayekuacha.
2. Uhusiano wa kupanda na kushuka: kumpenda mtu kupita kiasi, kisha kumchukia.
3. Kutojua wewe ni nani hasa; kubadili malengo na msimamo kila mara.
4. Kufanya mambo ya hatari bila kufikiri, kama kulewa, kutumia pesa zote au ngono isiyo salama.
5. Kujiumiza, kutishia kujiua au kujaribu kujiua.
6. Hisia kubadilika ndani ya saa chache.
7. Kujisikia mtupu ndani, karibu kila wakati.
8. Hasira kali isiyolingana na kosa.
9. Unapobanwa sana, kudhani watu wanakupangia mabaya, au kujiona kama hauko mwilini mwako.

Usijipime mwenyewe kwa orodha hii, na usimbandike jirani jina. Orodha inakusaidia kujua la kumweleza mhudumu wa afya.

Si kila maumivu ni BPD

Hapa wakimbizi wana haki ya kuwa waangalifu. Mtu aliyeona vita, aliyebakwa, au aliyepoteza watoto njiani anaweza kukosa usingizi, kushtuka, kukasirika haraka na kutomwamini yeyote. Hayo yanaweza kuwa majeraha ya vita moyoni, si BPD. Matibabu yake ni mengine. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali walitibiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, hatua kwa hatua, wakiongozwa na washauri wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na yalionyesha kwamba dalili zilipungua. Kwa hiyo, ikiwa shida ilianza baada ya tukio fulani baya, na kabla ya hapo ulikuwa sawa, mwambie mhudumu hivyo.

Inawezekana pia mtu akawa na yote mawili. Mhudumu mzuri atauliza vilevile kuhusu kifafa, pombe na bangi, kujifungua karibuni, na vipindi vya wiki nzima vya furaha kupita kiasi bila usingizi, maana hivyo huelekeza kwenye ugonjwa mwingine. Mtu aliyekupa jina la BPD baada ya dakika tano hajakupima. Muombe akuone tena.

Chanzo chake ni nini?

Hakuna chanzo kimoja. Wengine huzaliwa na moyo mwepesi kuumia, na hilo hurithiwa kwa sehemu. Wengi pia waliteswa, walitelekezwa au walidharauliwa utotoni, lakini si wote. Kwa hiyo usimhukumu kila mzazi. Si laana, si uvivu, na mgonjwa hajachagua kuwa hivyo. Pia haambukizi.

Tiba ya kwanza: mazungumzo na mazoezi

Njia iliyochunguzwa zaidi inaitwa DBT. Iliundwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, na jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991. Mwaka 2011 mama huyo alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alilazwa hospitali ya akili kwa sababu ya kujiumiza. Alitoka huko akawa mwalimu wa wengine.

DBT kamili huchukua kama mwaka mmoja. Mgonjwa hukutana na mshauri wake kila wiki, na kila wiki pia huhudhuria kikundi cha kujifunza stadi nne: kutambua kinachotokea sasa hivi bila kukihukumu; kuvumilia dhiki bila kuiongeza; kutawala hisia; na kuomba au kukataa jambo bila kuvunja uhusiano.

Ziko njia nyingine. Mjini London, Anthony Bateman na Peter Fonagy waliunda tiba inayomfundisha mtu kusimama na kujiuliza: “Mwenzangu anawaza nini kweli, na mimi ninawaza nini?” Nyingine huchimba mawazo yaliyojengeka tangu utoto, kama vile “mimi sipendeki”. Zote zimesaidia watu.

Lakini huku kambini nani ana DBT? Kwa ukweli, karibu hakuna. Usikate tamaa, kwa sababu kuna jambo muhimu lililoonekana Toronto, Kanada. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya watu 180 wenye BPD. Nusu walipewa DBT kwa mwaka mmoja. Nusu nyingine walipewa huduma ya jumla iliyopangwa vizuri: kikao kila wiki na daktari mwenye uzoefu, mazungumzo kuhusu maisha na uhusiano wao, na dawa zilizosimamiwa kwa uangalifu. Makundi yote mawili yalipona kwa kiwango kinachokaribiana: kujiumiza kulipungua, na safari za dharura hospitalini zikapungua.

Maana yake kwako ni hii: kinachoponya si jina la tiba peke yake. Ni mtu mmoja anayekujua, siku moja isiyobadilika, mpango ulioandikwa, na kutoacha njiani. Hayo yanaweza kuanzishwa hata chini ya turubai.

Dawa zinasaidia nini, na hazisaidii nini?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu BPD yenyewe. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2009 ulisema wazi kwamba dawa zisitumike kama tiba ya tatizo hili. Ukasema pia kwamba dawa ya kutuliza inaweza kutolewa wakati wa dharura, lakini isizidi wiki moja.

Dawa zinaweza kusaidia ugonjwa mwingine ulio pamoja nalo, kama sonona. Kabla ya kumeza, jua mambo haya:

Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, hutuliza haraka lakini hujenga uraibu. Kwa baadhi ya watu huondoa breki, wakajiumiza kwa urahisi zaidi. Usiinunue dukani bila kuandikiwa.

Amitriptilini hutolewa sana vituoni. Ni hatari kubwa ikimezwa nyingi kwa mara moja. Kama kuna wazo la kujiua nyumbani, muombe mhudumu akupe ya siku chache tu, na ndugu aitunze.

Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kwanza.

Kama unatumia dawa ya kifafa au ya akili tayari, usiiache ghafla kwa sababu umesoma makala hii. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege au kurudisha ugonjwa. Rudi kwa aliyekuandikia.

Ukijikuta una dawa nne au tano na hakuna anayezungumza nawe, sema: “Daktari, naomba unieleze kila dawa ni ya nini, na ipi tunaweza kuipunguza.” Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

Kulazwa hospitali

Hospitali kubwa za akili zipo: Butabika mjini Kampala, Mathari mjini Nairobi, Ndera mjini Kigali, Mirembe mjini Dodoma. Kulazwa husaidia pale maisha yanapokuwa hatarini. Kwa BPD, mara nyingi siku chache hutosha. Kukaa miezi wodini hakufundishi mtu namna ya kuishi na jirani zake. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, baada ya kutoka. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ulizeni: “Wiki ijayo atamwona nani, wapi, siku gani?”

Uanzie wapi kambini?

Anza na mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Uganda, mkimbizi hutumia vituo vya serikali sawa na raia, na raia wa maeneo jirani hutibiwa katika vituo vilivyo ndani ya makazi. Kwa hiyo maelezo haya ni ya wote. Mweleze muuguzi au afisa tabibu, na uombe kuonana na muuguzi wa afya ya akili au mshauri wa shirika linalohudumu hapo. Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwaka 2015 mwongozo wa kuwasaidia wahudumu wa kawaida kushughulikia magonjwa ya akili mahali penye dharura, na kujiumiza kumo ndani yake. Kwa hiyo hata kituo kidogo kina pa kuanzia.

Ukiona aibu, tumia maneno haya: “Sista, hisia zangu hubadilika haraka sana kwa miaka mingi. Ninapohisi nitaachwa ninajiumiza. Sitaki kufa, nataka kusaidiwa. Naomba mtu mmoja wa kuzungumza naye kila wiki.”

Kisha omba mambo matano:
1. Mhudumu yule yule kila unapokuja.
2. Siku na saa maalum, hata kama ni nusu saa.
3. Mpango wa usalama ulioandikwa (tazama hapa chini).
4. Kujua kwamba akihama, au mradi ukifungwa, utaambiwa mapema na kupelekwa kwa mwingine. Kwa mwenye hofu ya kuachwa, mshauri kutoweka bila kuaga ni jeraha jipya.
5. Mkalimani unayemwamini. Una haki ya kuomba mwanamke au mwanamume, au mtu asiye wa bloku yako. Mtoto wako asitafsiri mambo haya.

Ukifukuzwa au ukidhihakiwa, rudi na mtu wa kukusindikiza, au peleka malalamiko kwenye dawati la ulinzi wa wakimbizi. Usiishie hapo.

Mpango wa usalama

Uandike ukiwa umetulia, si wakati wa dhoruba. Asiyejua kusoma anaweza kuchora picha au kumweleza ndugu aushike kichwani.

Kwanza, dalili zangu za mwanzo ni zipi? Kwa mfano: ninapiga simu mara ishirini, ninatetemeka, ninaacha kula.
Pili, ninaweza kufanya nini peke yangu? Kuchota maji, kuoga, kuimba, kutembea hadi bombani.
Tatu, niende kwa nani, hata bila kumweleza shida? Kwa shangazi, kanisani, msikitini, kwenye cherehani ya rafiki.
Nne, nimweleze nani waziwazi kwamba nataka kujiumiza? Majina mawili na namba zao.
Tano, kituo gani cha afya, na nani atanisindikiza usiku?
Sita, nani atatunza dawa, sumu ya shambani na visu mpaka nitulie?

Hatua ya sita huokoa maisha. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi huwa kali kwa muda mfupi, kisha hushuka. Kitu cha hatari kikiwa mbali, mtu hupata muda wa kuvuka wimbi.

Mazoezi ya kuanza leo

Osha uso kwa maji baridi, au weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya macho na mashavu kwa nusu dakika. Mapigo ya moyo hushuka. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize mhudumu kwanza.

Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, kwa dakika tano.

Jiambie: “Nitangoja dakika kumi na tano kabla ya kufanya chochote.” Zikipita, ongeza nyingine kumi na tano.

Tenganisha ulichokiona na ulichokidhani. Ulichokiona: hajajibu ujumbe. Ulichodhani: ameniacha. Je, huenda hana chaji, au salio limeisha, au yuko kwenye foleni ya mgao?

Linda usingizi na chakula, na punguza pombe. Kwa mwenye BPD, njaa na usiku bila kulala ni kama petroli kwenye moto.

Ukiwa ndugu au mwenzi wake

Chukua mfano huu. Binti wa miaka 22 anaishi na dada yake. Dada anasema anakwenda sokoni, anachelewa kurudi. Binti anapasua sahani na kupiga kelele, “Unataka niondoke, sema tu!” Dada akijibu, “Umeanza tena wazimu wako,” moto unapanda. Akijibu, “Naona umeogopa sana nilipochelewa. Sijakuacha. Tutazungumza tukishatulia, lakini sahani hatuvunji,” amefanya mambo mawili kwa pamoja: amekubali hisia, na ameweka mpaka. Hisia ni za kweli hata kama sababu si ya kweli.

Usiahidi usichoweza kutimiza, kama “sitaondoka kamwe”. Ahidi kidogo na utimize. Usimwambie “jiue basi tuone”. Maneno hayo yameua watu. Kuuliza kwa upole, “Je, unafikiria kujiua?” hakumtii wazo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema.

Kama anakupiga au anawapiga watoto, usalama wenu unatangulia. Ugonjwa hauhalalishi kipigo. Na wewe pia tafuta mtu wa kukusikiliza, maana mlezi naye huchoka.

Maombi, mitishamba na minyororo

Wengi hupata nguvu katika maombi, na hakuna ubaya kuomba na kutibiwa pamoja. Mchungaji au shehe mwema atakusindikiza kliniki. Lakini usikubali mgonjwa afungwe kamba, apigwe, anyimwe chakula au aambiwe aache dawa. Kufungwa humwongezea mtu hofu ile ile inayomtesa, na humfundisha kuficha badala ya kusema.

Inachukua muda gani kupona?

Huko Marekani, Mary Zanarini na wenzake waliwafuata kwa miaka mingi wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa wakiwa na hali mbaya. Ndani ya miaka 10, watu 93 katika kila 100 walikuwa wamepata angalau miaka 2 mfululizo ambayo dalili hazikutosha tena kuitwa BPD. Nusu yao walifika mbali zaidi: walikuwa na uhusiano mzuri na angalau mtu mmoja wa karibu, na kazi au masomo ya kudumu.

Soma namba hizo mbili pamoja. Dhoruba hutulia kwa karibu wote, lakini kazi, marafiki na heshima havirudi vyenyewe kwa kila mtu. Ndiyo maana kikundi cha akiba, darasa la ushonaji, shamba dogo au kwaya ni sehemu ya matibabu, si mapambo. Viongozi wa bloku na mashirika, msiwaondoe watu hawa kwenye miradi kwa sababu “wana fujo”. Wapeni kazi ndogo, muwape na muda.

Na wewe unayesoma haya huku umeficha mikono ndani ya mikono mirefu ya nguo: huhitaji kuyafanya yote kesho. Chagua mtu mmoja, mwoneshe makala hii, na mwambie, “Nisindikize kliniki.” Safari inaanzia hapo.